Mapendo Asiende Nor

Mwaka huu, asubuhi moja, nilipanda mtaa wa Morningside, hapa Durban, kumpelekea mteja simu yake. Kazi yangu ni kutengeneza simu, na wateja wa huko juu hawapendi kushuka mjini, kwa hiyo mimi ndiye ninayewafuata. Nikapita mbele ya duka dogo la mikate, mlango ukiwa wazi, na harufu ya iliki ikatoka ikanisimamisha barabarani. Iliki, siagi, na sukari iliyoungua kidogo. Niliingia. Nyuma ya kioo palipangwa vimkate vilivyosokotwa kama nywele za mtoto anayepelekwa kanisani. Msichana wa duka akanieleza kwa Kiingereza kwamba vinatoka nchi za kaskazini mwa Ulaya, Swideni na majirani zake, na kwamba watu wa huko hawanywi kahawa bila kimoja. Nikanunua, nikala nimesimama nje, na kabla sijamaliza nikajikuta nalia, mwanamke mzima mwenye mkoba wa bisibisi begani.

Iliki ndiyo Mama aliyokuwa anatwanga wiki ile. Alijifunza kuitia kwenye mandazi kwa Watanzania wa karibu na kambi ya wakimbizi, na nyumbani kwetu ilitoka kabatini kwa mambo makubwa tu: ubatizo, Krismasi, mgeni wa mbali. Safari hii ilikuwa kwa ajili ya yaya Mapendo, aliyekuwa anaondoka.

Kwetu yaya si mlezi wa kuajiriwa, ni dada mkubwa. Kwa damu Mapendo alikuwa binti wa kaka yake Mama, lakini mimi sikupata kumjua kwa namna nyingine isipokuwa dada. Mama alimbeba mgongoni kutoka Nor-Kivu, mashariki mwa Kongo, akiwa na miaka mitatu, siku kijiji chao kilipochomwa. Mama yake mzazi alikufa siku hiyo. Baba yake, mjomba Deo, alikimbilia upande wa pili wa mlima na hakuonekana tena. Mimi nilizaliwa baadaye, njiani, kabla wazazi wangu hawajafika Durban. Nilipokuwa na miaka minane Mapendo alikuwa na kumi na minne. Tulilala godoro moja. Yeye ndiye aliyenisuka, aliyenivusha kwenye robot, taa za barabarani, nikienda shule, aliyenifundisha Kizulu cha kujibu watoto walionicheka jina.

Tulikaa mtaa wa Berea, ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujahamia. Ninyi mliokulia kwenye majengo yale mnajua jinsi sebule ilivyogawanywa. Ya kwetu ilikuwa na kochi moja, meza, na pazia la kitenge lililofungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Nyuma ya pazia alilala tonton Astere, yaani ami Astere, Mrundi, kinyozi kwenye saluni ileile ambapo Mama alisuka. Hakuwa ndugu yetu lakini alikula nasi, akisema Kiswahili chake cha Burundi nasi tukimjibu kwa chetu cha Kongo. Alikuwa mtu wa kupiga pasi mashati yake kila jioni, na kila mashine mpya ya kunyolea ilipofunguliwa saluni aliniletea boksi lake, nikalifanya nyumba. Nilikuwa na mtaa mzima wa nyumba hizo chini ya dirisha.

Sasa lazima nieleze neno Nor. Waliosoma waliliandika Nord, lakini sisi tulilitamka hivyo, Nor, kwa Kifaransa cha nyumbani. Lilikuwa neno la kushusha sauti. Mama akisema "kule Nor," Papa aliacha kutafuna. Nor ndiko nyumba zilikoungua, ndiko watu walikokimbilia porini, ndiko kila jina lililotajwa kanisani wakati wa kuombea marehemu lilikotoka. Sikujua kwamba neno hilo lina maana ya upande wa dunia, kaskazini. Kwangu lilikuwa mahali, na Nor ilikuwa moja tu.

Jumapili moja mchana simu ya Mama ililia. Alisikiliza, kisha akashuka chini polepole mpaka magoti yakagusa sakafu, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Deo iko muzima!" alipiga kelele. "Deo iko muzima!"

"Deo gani?" Papa akauliza.

"Deo wangu! Kaka yangu!"

"Iko wapi?"

"Iko Norveji," Mama alisema, analia na kucheka. "Kule kwa nchi za Nor. Anataka mutoto wake."

Wote wakaruka. Tonton Astere alitoka nyuma ya pazia na pasi mkononi, akamkumbatia Papa. Mapendo alibaki kwenye kochi, mikono katikati ya magoti. Na mimi nikabaki nikiwatazama. Nor-Kivu nilikuwa naijua. Norveji nikaiweka karibu nayo, kijiji kingine cha Nor, pengine jirani na kile kilichoungua. Mjomba alikuwa amebaki hukohuko miaka yote, na sasa alitaka Mapendo arudishwe. Na watu wakubwa walikuwa wanashangilia.

Miezi iliyofuata kila kitu kilinihakikishia. Walimpeleka Mapendo kwa daktari, wakampangusa ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba ili ijulikane kwamba kweli ni mtoto wa mjomba. Walimpeleka Pretoria, ubalozini, akarudi kimya. Mjomba alianza kupiga simu kila Jumapili, na Mama aliiweka sauti nje ili tusikie wote.

"Huku ni kama kwetu, mwanangu," mjomba alisema. "Milima. Msitu. Maji kila upande. Mvua haiishi."

"Ndiyo, papa," Mapendo alijibu.

Milima, msitu, maji. Nilikuwa nimesikia Nor ikielezwa hivyo maisha yangu yote. Kisha Mama akaleta kutoka soko la mitumba koti zito linalofika magotini, na buti. Niliwahi kuona picha za watu wa porini wenye bunduki kwenye simu ya Papa; walivaa makoti na buti vilevile. Papa akasema, kama mtu anayesimulia muujiza, kwamba huko iko miezi ambapo jua halitoki na watu wanaishi kwenye giza. Tonton Astere, aliyekuwa na binamu Swideni, akaongeza kwamba watu wa kule hawasemi. Kwenye basi mnakaa arobaini na husikii hata kikohozi. Wakacheka. Mimi nilijua kwa nini watu hunyamaza gizani. Mama aliwahi kusimulia jinsi alivyomziba Mapendo mdomo walipojificha kwenye mahindi usiku.

Siku moja ananisuka nikamwuliza, "Yaya, wewe hauogopi?"

Mikono yake ikasimama kichwani mwangu. "Naogopa."

"Basi juu ya nini unaenda?"

"Juu ya baba yangu," alisema, akaendelea kusuka, akivuta nywele kuliko kawaida.

Safari ilikuwa Jumatatu. Jumamosi asubuhi Papa alikuwa kwenye kazi yake ya kulinda magari, Mama na tonton Astere saluni, Mapendo amepanda juu ya paa kuanika nguo. Kitabu chake cha kusafiria, chenye viza ndani, kilikuwa kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati la Mama. Nilipanda kiti. Kochi letu lilikuwa limechanika kwa chini, na mkono wa mtoto uliweza kupita kwenye tundu hadi kwenye springi. Niliisukuma bahasha mpaka bega langu likagusa kitambaa. Kisha nikaenda kunawa. Nakumbuka nilijisikia vizuri. Nilijiona kama Mama kwenye mahindi.

Waligundua Jumapili, tuliporudi kutoka kanisani. Mandazi yalikuwa yamejaa beseni, nyumba nzima inanukia. Mama alitoa kila kitu kabatini, akakung'uta kila nguo, akafungua Biblia na kuipeperusha kurasa. Papa alikimbia kule anakolinda magari, akarudi mikono mitupu. Walipomaliza vyumba vyote, Mama alisimama mbele ya pazia la kitenge.

"Hapa ndani tuko watu watano," alisema. "Wanne ni damu."

Nilisikia kitanda cha tonton Astere kikilia alipoinuka. Alilisukuma pazia.

"Mama Sifa," alimwambia Mama kwa jina langu, kama alivyomwita siku zote, "unasema nini?"

"Viza ya Ulaya. Watu wanauza hizo huko mjini. Kila mutu anajua."

"Mama Sifa."

"Mimi nauliza tu."

Alivuta begi lake kutoka chini ya kitanda, akalifungua, akatoa shati moja baada ya jingine, yote yamepigwa pasi, akayaweka kwenye meza karibu na mandazi. Akatoa soksi. Akatoa picha ya mama yake. Akageuza begi juu chini na kulitikisa. Papa alikuwa anaangalia dirishani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi, juu ya bahasha, na Mapendo amesimama mlangoni pa chumba chetu ananitazama mimi, hamtazami Astere. Nilidhani ananitazama kwa sababu nalia.

"Umeona?" tonton Astere alimwambia Mama. Kisha akaanza kukunja mashati yake upya, taratibu, kola juu ya kola, lakini hakuyarudisha chini ya kitanda. Jumatatu saa sita, muda ambao ndege ilikuwa inaondoka bila Mapendo, alishuka ngazi na begi lake. Aliniaga kwa kuniwekea mkono kichwani. Hakumuaga mtu mwingine.

Kumwumiza Astere hakukuwa kwenye mpango wangu. Sikuwa na mpango; nilikuwa na hofu, na hofu ya mtoto haina mahali pa kuwaweka watu wengine. Usiniulize kwa nini sikusema palepale. Nilipima: upande mmoja tonton Astere anahama nyumba, upande mwingine yaya Mapendo anakufa. Hata leo nikirudia hesabu ile kwa akili ya yule mtoto, jibu linatoka lilelile, na ndiyo maana bado linaniuma.

Jumanne Papa ndiye aliyenipeleka shule, kwa kuwa Mapendo alisema anaumwa tumbo. Tulipofika kwenye robot nilimshika kizibao.

"Papa, huko Nor vita vitaisha lini?"

"Ee, Mungu ndiye anajua."

"Basi yaya angoje viishe. Ndiyo aende."

Robot ikawa kijani, watu wakavuka, yeye hakuvuka. Alichuchumaa mbele yangu, magari yanapita nyuma yake.

"Aende wapi, Sifa?"

"Nor."

"Nor gani?"

Sikuelewa swali. Nilimwambia Nor ni Nor, kule kwetu, kule kwa mjomba, kwenye msitu, kwenye giza. Uso wake ulibadilika polepole. Alinyanyuka, akanishika mkono, na badala ya kuvuka tukageuka tukarudi nyumbani. Tulipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu.

Alimwita Mama, akamwita Mapendo, akachukua atlasi ya shule ya Mapendo akaifungua mezani. Kwanza alinionyesha Kongo, akaweka kidole palipo na ziwa. "Hii ndiyo Nor unayojua." Kisha akanionyesha Durban. Kisha akageuza kurasa nyingi sana mpaka karibu juu kabisa ya dunia.

"Na hii ndiyo anakoenda yaya wako. Norveji. Ona hapa iko Suedi, Swideni. Chini Danemaki. Huku Finlandi. Na ile peke yake baharini, Islandi. Wote hawa watano watu wanawaita watu wa Nor."

Kwenye kona ya ukurasa kulikuwa na bendera zao. Zote zilikuwa na msalaba, na misalaba yote imesogea upande mmoja, rangi tu ndizo zilizotofautiana.

"Ni kanisa moja?" niliuliza.

Papa alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Ni majirani. Zamani walipigana sana hawa. Mfalme wa huku anatawala kule, wa kule anakuja kuchoma huku. Miaka na miaka. Halafu wakachoka. Leo mutu anatoka hapa asubuhi, anafanya kazi hapa, jioni anarudi kulala. Hakuna wa kumwuliza karatasi."

"Na lugha?" Mapendo aliuliza. Kumbe hata yeye hakuwa ameambiwa.

"Wengi wao wanaelewana. Huyu anasema yake, yule anamjibu kwa yake. Finlandi tu ndiyo yao iko mbali, na Islandi kidogo."

"Kama sisi na Astere," Mama alisema.

Alisema bila kufikiri, kama mtu anayesaidia mtoto kuelewa. Kisha akasikia alichokisema. Aliweka kiganja mdomoni na hakukiondoa.

Nililala kifudifudi sakafuni, nikaingiza mkono chini ya kochi mpaka bega, nikatoa bahasha. Hakuna aliyenipiga. Mama aliipokea, akaketi, akaiweka mapajani, akaanza kulia kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mimi niliona," Mapendo alisema.

Wote tulimgeukia.

"Jumamosi. Nilikuwa narudi kutoka kwa paa. Nilimwona akiingiza." Alikuwa anaongea na meza. "Simjui yule baba. Najua sauti tu. Nilisema moyoni, acha ikae siku moja. Halafu mama akamwambia tonton yale maneno, na nikashindwa kusema."

Papa alitaka kusema kitu, Mama akamwinulia mkono. "Mwache. Mimi ndiye niliyesema wanne ni damu."

Jumatano tulikwenda mtaa wa Cato Manor, Mama, Mapendo na mimi, tukiwa na beseni la mandazi lililofunikwa kitambaa. Tonton Astere alikuwa amepata chumba kwa Warundi wenzake, nyuma ya nyumba ya watu, kwenye mteremko. Alikuwa nje anamnyoa jirani. Alimaliza kumnyoa kwanza, akampangusa shingo, akamshukuru, ndipo akatuletea viti. Mama hakukaa. Alisema mbele ya wote waliokuwepo, kwa sauti ya kusikika, kwamba alimsingizia mtu asiye na kosa, na kwamba karatasi zilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kisha akanisogeza mbele. Nilisema nilichokifanya. Niliambiwa niseme na sababu, nikaisema pia.

Tonton Astere aliniangalia. "Ulidhani wanampeleka vitani?"

"Ndiyo."

"Na ukamficha." Alitikisa kichwa, sijui kwa huzuni au kwa nini. "Eish, Sifa." Alichukua andazi moja, akalivunja katikati, akanipa nusu.

"Rudi nyumbani, Astere," Mama alisema. "Pahali pako iko."

"Nimesamehe, mama Sifa. Kabisa, mbele ya Mungu." Alilitafuna lile andazi mpaka mwisho. "Lakini kurudi, hapana. Hapa wakipoteza kitu, watatafuta kwanza."

Aliendelea kuja kwetu Krismasi. Aliendelea kuniletea maboksi mpaka nikawa mkubwa wa kuona aibu kuyapokea. Lakini alikaa upande wa mgeni wa meza, na Mama alimpakulia kwa sahani ya wageni, na wote wawili walijua kwa nini.

Mapendo aliondoka wiki tatu baadaye. Kwenye uwanja wa ndege alivaa lile koti katika joto la Durban, kwa sababu halikuenea kwenye begi, jasho likimtiririka kwenye mashavu pamoja na machozi. Alinikumbatia mpaka vifungo vikaniacha alama. Leo ni mama wa watoto wawili. Anaishi karibu na mpaka, analala upande wa Norveji na kufundisha chekechea upande wa Swideni, na anasema ni kweli, hakuna anayemwuliza karatasi. Mjomba alizeeka karibu naye, akazikwa kwenye kilima kinachotazama maji. Lakini hayo tuliyapata kidogo kidogo, miaka kwa miaka. Siku zile tulikuwa tunasubiri kitu kimoja tu, simu.

Ilikuja siku ya tatu, mchana. Mama aliiweka sauti nje. Mapendo alieleza kwamba amefika, kwamba baba yake ni mfupi kuliko sauti yake, kwamba baba huyo alimshika mikono tu. Na kwamba mara ya kwanza, ile siku ambayo hakufika, mjomba alikuwa ameondoka kwake kwa basi tangu jana yake, simu imezima, na ujumbe wetu haukumkuta. Alisimama kwenye mlango wa wasafiri kutwa nzima. Kila msichana mweusi aliyetoka, mjomba alimsogelea.

Papa alitoka akaenda kusimama kwenye ngazi.

"Sifa iko hapo?" Mapendo aliuliza.

Nilisogea kwenye simu.

"Sifa, sikia. Nimeangalia. Huku hakuna vita."

"Umeangalia kila pahali?"

"Kila pahali."

"Hata msituni?"

"Hata msituni," alisema. "Tulipita katikati yake na basi, mimi nilikaa kwa dirisha. Iko miti tu."